Injini Umepata, Kontrolboksi Je? Mwongozo kwa Anayejenga Gari Lake Mwenyewe

Wengi hununua injini kwa masikio. Inawashwa palepale chini, inanguruma, pesa inatoka mfukoni. Waya zilikatwa zamani ili injini itoke upesi kwenye gari la kwanza, na hakuna anayeuliza. Miezi inapita, chesisi ya mabomba imeshachomelewa, injini imekaa kwenye maunti zake, ndipo linapokuja swali lililopaswa kuulizwa siku ile ya kwanza: nani atakayeiambia imwage mafuta lini na ipige moto lini? Kazi hiyo ni ya kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini.

Nawaandikia wanaojenga magari yao wenyewe, liwe kigari chepesi cha mtindo wa Lotus Seven au gari la porini kama yale ya mashindano ya Rhino Charge kule Kenya, na wanaotia injini ya Toyota ya miaka ya 1990. Ndizo zinazopatikana Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi na kwenye yadi za Sharjah kule Falme za Kiarabu. Mfano wangu ni 1UZ-FE, V8 ya lita 4 iliyokuja na Lexus LS400 mwaka 1989, ingawa mengi yanazihusu pia injini nyingine za Toyota kama 1JZ na 4A-GE. Njia za kuiongoza injini ni tano hapa chini, na nimeanza na ile ambayo ningeitolea pesa yangu mwenyewe.

1. Kontrolboksi yake ya asili, pamoja na waya zake zote

Toyota walitumia muda mrefu kuifundisha boksi hii namna ya kuwaka asubuhi ya baridi, kutulia AC inapowashwa na kutopiga chafya ukiachia mafuta ghafla. Hakuna fundi atakayekufanyia kazi hiyo kwa siku mbili. Kama injini yako haina tabo (turbo) wala mabadiliko ya ndani, sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Ila nunua seti. Boksi bila waya ni sawa na redio bila spika. Katika seti nataka kuona wayaringi nzima yenye soketi zake, kipima hewa, koili, igniita (kifaa kinachoiamuru koili itoe moto) na sensa zote, kutoka gari moja. 1UZ za mwanzo zinatumia kipima hewa cha Karman, kinachohesabu vimbunga vidogo vya hewa kwa mwanga. Huwezi kukitupa ukaweka cha Corolla.

Igniita nazo zina hadithi yake. Boksi hutuma agizo la moto kwenye waya wa IGT, halafu husubiri jibu kwenye waya wa IGF. Jibu lisiporudi, hufunga nozeli. Mtu anafunga igniita ya gari jingine, injini inashika kidogo na kuzima, pampu ya mafuta inabadilishwa, nozeli zinaoshwa, tanki linateremshwa, na kumbe kosa lote lilikuwa kwenye waya mmoja mwembamba.

Geuza boksi usome kibandiko. Namba za kompyuta za injini za Toyota huanza na 89661. Zinazofuata ndizo zinazokuambia ilitoka gari gani, kwa hiyo zitafute kabla hujalipa. Kwa 1UZ, kompyuta ya injini na ya gia ya automatiki mara nyingi ni kitu kimoja. Ukifunga gia ya mkono injini itaendelea kuwaka, lakini boksi itanung'unika. Kosa namba 42, kwa mfano, ni la kukosa taarifa ya spidi. Uzuri wa boksi hizi za zamani ni kwamba huhitaji mashine ya kupimia. Unganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, fungua swichi, hesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyomweka.

Kisha fungua kifuniko. Boksi za LS400 za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kapasita zinazovuja. Ukiona madoa ya majimaji kwenye bodi au ukanusa harufu kama ya samaki, punguza bei. Si lazima uikimbie, maana fundi redio mwenye mkono mtulivu huzibadilisha kwa pesa ndogo kama uvujaji haujala njia za shaba.

Toleo la VVT-i (lenye vali zinazobadilisha muda wa kufunguka), la kuanzia 1997, lina nguvu zaidi lakini lina throto (kilango cha hewa) inayoendeshwa kwa umeme, na baadhi ya magari yalikuja na ufunguo wenye chipu. Ukikutana nalo, chukua boksi, ufunguo na kile kiduara kinachozunguka tundu la ufunguo kwa pamoja. Kimoja kikibaki yadi, umenunua pambo.

2. Kontrolboksi huru ya kampuni yenye jina

Hapa wamo Link wa New Zealand, Haltech wa Australia, MaxxECU wa Sweden na ECUMaster wa Poland. Ukiongeza tabo, ukibadilisha kemshafti au ukiweka throto moja kwa kila silinda, kundi hili linapanda hadi namba moja, kwa sababu boksi ya asili haiwezi kufuata mambo ambayo haikufundishwa. Kipima hewa unakiondoa, boksi inasoma mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa).

Usichague kwa uzuri wa kava. Uliza kwanza kama inaelewa meno ambayo sensa huyasoma kwenye krenkishafti na kemshafti ya injini yako; Toyota walibadilisha mpangilio huo kati ya kizazi na kizazi. Halafu hesabu njia zake za kutolea amri. 1UZ ya mwanzo ina nozeli 8, lakini moto wake unapita kwenye distribyuta mbili, hivyo inahitaji njia 2 tu za koili. Pima pia ukinzani wa nozeli. Zenye omu 12 hadi 16 hazina shida, ila za omu 2 au 3 zinaweza kuunguza boksi isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Kilichoifanya iwe ya pili ni gharama. Boksi nyingi za daraja hili zinavuka dola 1,000 kabla hujanunua waya, sensa na kulipa ushuru wa bandarini. Na pesa hiyo yote haina kazi kama hakuna mtu karibu anayeweza kuitiuni, yaani kuiwekea vipimo vya mafuta na moto. Ushauri wangu, na wauzaji hawaupendi: mtafute fundi wa kutiuni kwanza, muulize programu ipi ameizoea, ndipo ununue boksi anayoijua. Boksi ya kawaida mikononi mwa anayeielewa huishinda boksi ya bei mbaya mikononi mwa anayebahatisha.

3. Speeduino na MegaSquirt

Hizi ni boksi za kujiundia, za wenye laptopu na subira. MegaSquirt ilianzishwa mapema miaka ya 2000 na Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo. Speeduino ilikuja baadaye, imejengwa juu ya bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino Mega 2560, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Zote mbili zinatiuniwa kwa programu ya TunerStudio. Speeduino ya kawaida ina njia 4 za nozeli na 4 za moto, kwa hiyo nozeli 8 za V8 unazifunga mbili mbili. Inafanya kazi vizuri tu.

Bei yake ni sehemu ndogo ya zile za juu. Unachokilipa ni usiku wako. Utachomelea, utakosea, utaandika jedwali la mafuta upya. Na wa kwetu waangalie jambo la mwinuko. Kama hukuifungia sensa ya pili ya mgandamizo, Speeduino hupima mgandamizo wa hewa ya mahali pale swichi inapofunguliwa tu. Ukiwasha Mombasa penye kilopaskali 101 ukapanda bila kuzima hadi Nairobi, ambako ni kama 82, bado inaamini uko pwani. Kwa anayetiuni kwa nafasi ya throto pekee, injini itakuwa inalewa mafuta tangu Voi. Sensa hiyo ya pili ni ya bei ndogo, ifunge.

4. Kabureta

Kwa 4A-GE kwenye kigari chepesi, kabureta mbili za Weber za kulala zina mlio ambao sitaudharau. Lakini bado unahitaji kifaa cha kuongoza moto, na kila ukibadilisha mwinuko utabadilisha jeti. Kwa V8, mimi hapana.

5. Kiboksi cha kudanganya boksi ya asili

Kinakaa kati ya sensa na kompyuta na kuipotosha. Siku likitokea tatizo, hujui nani kati ya wawili anasema uongo. Ruka.

Chochote utakachochukua, bakiza pesa ya sensa pana ya oksijeni (wideband) ya kupimia moshi wa ekzosi, ile ya Bosch LSU 4.9 inatosha, pamoja na rilei na fyuzi mpya. Usitiuni kwa pua. Ethi (waya hasi) za sensa, zile za E2, zirudi kwenye boksi yenyewe. Za nguvu, E01 na E02, zifungwe kwenye chuma cha injini kilichopigwa msasa. Ukizichanganya, sensa ya joto itasoma namba tofauti kila feni inapowaka, na utamlaumu aliyekuuzia boksi bure.

Siku ya kwenda yadi, beba tochi, bisibisi bapa na mifuko ya plastiki. Mwambie kijana wa yadi aweke mkasi chini. Soketi huchomolewa kwa kubonyeza kilimi chake, na kila moja ukishaichomoa iandike jina.