Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani: chumba cha kusomea

Kwa anayetaka kujua wazee wake wa Unguja au Pemba waliishi vipi, sijaona mahali panapofaa kuliko chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, ijapokuwa jina peke yake halimfikishi mtu popote. Kabla ya hapo nilikwisha kulipia miezi mitatu kampuni moja ya ng'ambo inayotafuta nasaba mtandaoni, ambayo kila nilipoandika "binti" iliniuliza jina la ukoo.

Niliyemtafuta ni bibi yake babu yangu, aliyekuwa mtumwa katika shamba la mikarafuu Pemba. Nilianzia kwenye kumbukumbu za walioachwa huru kwa amri ya mwaka 1897, ambayo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, naye bwana akalipwa fidia. Nilipitia akina Mabruki na Baraka, huyu Mnyasa, yule Myao, umri wao wa kukisiwa, na kwa siku mbili sikumwona.

Mtumishi wa zamu, mama wa makamo, aliniuliza swali moja tu: alizaa na nani? Nilipojibu kuwa alizaa na bwana wake, akasema, "Mwanangu, huyo alikuwa suria, humu humpati." Amri ile iliwaacha nje masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao, wakihesabiwa kama wake zao, hadi ilipotoka nyingine mwaka 1909. Akanielekeza kwenye majalada ya mirathi, kwa kuwa kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake huzaliwa muungwana, yaani mtu huru, na hurithi sawa na nduguze. Ushauri huo ulinifaa kuliko faharasa yoyote.

Jalada la bwana lililetwa limefungwa utepe. Baba yake babu yumo, wa nne katika warithi, pamoja na hesabu ya mikarafuu aliyopata. Juu yake wapo dada zake wawili, tumbo moja, ambao nyumbani hatukuwahi kuwasikia.

Asiyesoma Kiarabu aende na msomaji wake. Mimi nilikwenda na ami yangu, aliyesoma chuo cha Kurani tangu utoto, na hata yeye alikwama kwenye jina la mama, maana mwandishi hakutia nukta zinazotofautisha herufi za Kiarabu: ami anasoma Bakhita, mimi nasoma Najiba, na tumebishana njia nzima hadi Darajani.