Panya kijana au panya mzee: nani apimwe sonona na wasiwasi?

Kwenye vijiwe vya wanafunzi wa sayansi ya afya pale Upanga, ubishi huu hauishi. Kijana hapa ni panya wa miezi 3 hadi 6. Mzee, miezi 18 hadi 24.

Kwa gharama, kijana anashinda mapema. Mzee unamlisha mwaka na nusu kabla ya kupima chochote, na kwa joto la Dar chumba chake kinadai kiyoyozi usiku na mchana, pamoja na jenereta umeme ukikatika. Wengine watakufa njiani, kwa hiyo anza na wengi.

Utata uko kwenye vipimo. Panya huwekwa juu ya msalaba ulioinuliwa, mikono miwili ina kuta na miwili iko wazi. Akikwepa iliyo wazi, tunasema ana wasiwasi. Mzee hatembei sana. Amekwepa, au miguu imechoka? Jaribio la mtafiti Porsolt la 1977, la kumtia panya majini aogelee, ni hivyohivyo: panya akielea bila kupiga maji husomwa kuwa amekata tamaa, ilhali mnene huelea kirahisi tu. Bila kupima mwendo wake kando, mimi siyaamini matokeo ya mzee.

Lakini swali likiwa sonona ya uzeeni, kijana hatakusaidia: hipokampasi yake, sehemu ya ubongo, bado inazalisha seli mpya nyingi, ya mzee imepungua mno.

Mwenye tasnifu ya miaka miwili achukue vijana. Mwenye ufadhili mrefu na swali la uzee, wazee. Aliye katikati ajaribu wa miezi 12.