Technics ya zamani: uiboreshe au ununue Rega mpya?

Kama unayo Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri iliyotoka mwaka 1979, usikimbilie dukani. Mota yake huzungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, na ikitunzwa haichoki upesi. Kinachochakaa ni sindano. Ikiwa kichwa cha mashine yako, yaani kile kinachoshika sindano, ni Ortofon 2M Red, chomoa sindano yake uchomeke ya 2M Blue, kichwa cha daraja la juu zaidi. Kichwa hubaki kilekile, ila sauti za juu, hasa matoazi na "s" za mwimbaji, hutakata papo hapo.

Rega Planar 3, nayo mashine ya santuri, ni nyepesi, hutumia mkanda, na mkono wake unaobeba kichwa ni mzuri kweli. Lakini kubadilisha kasi kutoka mizunguko 33 kwa dakika kwenda 45 lazima uinue sahani ya kioo, usogeze mkanda kwa kidole. Kwa anayependa santuri ndogo za Nairobi za miaka ya 1970, zile za 45, hiyo ni kero kubwa.

Mimi ningeboresha. Isipokuwa beringi za mkono zimelegea: ushike taratibu, uutikise, ukicheza-cheza, matengenezo yake ni ghali. Hapo nunua Rega.