Simu au fremu A? Uzoefu wangu wa kupanga njia ya miguu na baiskeli huku Lushoto

Nianze na nyota, maana najua wengi mnasoma hizo tu. Programu ya ramani kwenye simu naipa tatu kati ya tano. Fremu A, kifaa cha kupimia mteremko cha miti, kamba na jiwe, naipa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya upepo, nitaeleza.

Kijiji chetu kiko juu ya mji wa Lushoto, upande wa kuelekea msitu wa Magamba. Kutoka shuleni hadi barabara ya gari kuna njia ya miguu inayoshuka mlima moja kwa moja, haikati kushoto wala kulia. Kiangazi ni vumbi, masika ni korongo. Watoto wanaishuka kwa makalio. Wanaopeleka kabichi kwa baiskeli hawathubutu kupanda. Wanatembea pembeni, breki zote mbili wamezikaba na kisigino kimezama kwenye udongo. Mzigo mmoja niliuona kwa macho yangu ukiishia kwenye migomba, kabichi zikafika barabarani kabla ya mwenyewe.

Tukaamua kuchonga njia mpya, inayozunguka mlima badala ya kuuangukia. Kamati ya watu sita. Mimi nilipewa kazi ya ramani kwa sababu moja tu: simu yangu inakaa na chaji.

Programu niliyotumia sitaitaja, maana zipo nyingi za namna hiyo na kasoro niliyokutana nayo haiwezi kuwa yake peke yake. Ni zile za bure, unapakua ramani ya mkoa ukiwa na bando, halafu ukiwa porini unatumia bila mtandao. Ramani yenyewe inatoka OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza njia, kisima au daraja. Waliokuwa Dar mwaka 2015 watakumbuka vijana wa Ramani Huria waliopita mitaa ya mabondeni wakichora nyumba na mitaro kwa ajili ya mafuriko. Ni ramani hiyo hiyo.

Kwa kuona watu wanapita wapi, simu haina mpinzani. Niliiwasha irekodi, nikawapa watu tofauti kwa wiki mbili: mwanafunzi asubuhi, mama anayetoka kuni jioni, muuza mboga siku ya soko. Nilipoiweka ile mistari juu ya ramani nilishangaa. Sisi wote tuliamini watu wanafuata njia kuu hadi chini. Kumbe wakikaribia theluthi ya chini wanaiacha, wanakata kwenye mikaratusi, wanairudia mbele. Niliwauliza. Mwanafunzi akasema pale kuna mbwa. Mama akasema mbwa yupi, pale kuna utelezi. Vyovyote iwavyo, njia mpya ilibidi ipite kwenye mikaratusi, kwa sababu miguu ilikwisha kupiga kura.

Hapo hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Nikaiingiza kila njia niliyorekodi kwenye ramani huria, pamoja na kichochoro kinachopita katikati ya shamba la maharage la jirani. Yeye anawaruhusu wanakijiji kwa sababu anawajua. Ramani haijui kujuana. Siku moja akanijia na mgeni mwenye mkoba mgongoni na fimbo mbili, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, huyu umemtuma wewe?" Usiku ule ule niliibadili ile njia isomeke kuwa ni ya binafsi. Ukichora njia za kijijini, uliza kwanza ardhi ni ya nani. Hilo hakuna programu itakayokukumbusha.

Sasa tuje kwenye mteremko, ndiko nilikoikata simu nyota mbili. Programu inakuchorea ule mchoro mzuri wa kupanda na kushuka, na asilimia zake. Nilipanga mstari wote ukawa kati ya asilimia 7 na 9, yaani kushuka mita 7 hadi 9 kwa kila mita 100, mpole kabisa. Tukaitisha msaragambo, wakaja watu 40 na ushee na majembe na sururu, tukachimba mita 200 za mwanzo kwenye mikaratusi. Mwezi wa 11 vuli ikaja. Siku tatu. Nilipokwenda kuangalia, katikati ya njia kulikuwa na mfereji unaoingiza mguu hadi ugoko. Nikamwita fundi mwashi mmoja na ule mpira wake wa maji anaosawazishia msingi, tukapima kipande kibaya. Asilimia 22.

Nilikwenda kusoma kwa nini. Programu nyingi za namna hii zinachukua vimo vya milima kutoka vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha Endeavour kikiwa angani, Februari 2000, kwa siku 11. Kazi kubwa, siibezi. Lakini vinahesabu kimo kimoja kwa kila mraba wa mita 30 hivi kwa 30. Kigenge cha mita tano kinamezwa humo ndani. Tena rada ile haikufika chini vizuri penye miti minene; iligonga matawi ikarudi. Mikaratusi yetu ya wakati ule tulishaivuna, iliyopo ni machipukizi. Nadhani simu ilikuwa bado inapima miti ambayo leo ni mapaa ya nyumba.

Ndipo mzee mmoja wa kamati akauliza kwa nini hatutumii fremu A, ile waliyofundishwa na mabwana shamba kupimia kontua, yaani mistari ya usawa, za mashamba. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni, imeegemezwa nyuma ya zizi, nikidhani ni kitu cha kuanikia.

Kuitengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Miti miwili mikavu ya mita mbili na kitu, unaipigilia misumari juu ikutane, miguu iachane mita 2 kamili chini. Mti wa tatu unakatiza katikati, ikae herufi A. Kutoka kileleni unaning'iniza kamba ya katani yenye jiwe, lipite chini kidogo ya ule mti wa kukatiza. Halafu unasaka mstari wa usawa: simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa. Igeuze, mguu wa kushoto uje pale pale uliposimama wa kulia na wa kulia pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Hata kama umeipigilia ovyo, inajisahihisha yenyewe. Hapo ndipo nilipoipenda.

Kwa njia hatutaki usawa, tunataka mteremko mdogo. Ukiwa mahali tambarare, ingiza kitofali cha sentimita 16 chini ya mguu mmoja. Sentimita 16 kwa mita 2 ni asilimia 8. Kamba inapohamia, weka alama ya rangi. Kazi imebaki kutembea: mguu wa nyuma hapa, wa mbele unautafutia mahali mpaka kamba ilale kwenye rangi, pigilia kigingi, songa bila kuigeuza, mguu wa nyuma uje kwenye kigingi. Mlima wetu una kushuka kwa mita 90 hivi, kwa hiyo kwa asilimia 8 njia inatoka kilomita 1 na mita 100. Hatua 550 za fremu. Ilituchukua asubuhi tatu, na nasema asubuhi kwa sababu kuanzia saa nane mchana upepo unapanda kutoka bonde la chini na jiwe linacheza kama kengele. Ile nusu nyota iliondokea hapo. Jiwe zito zaidi linasaidia, lakini halimalizi.

Waendesha baiskeli wa milimani wa Marekani, wenye chama chao cha IMBA tangu 1988, wana kanuni ambazo tulizifuata na zimetufaa. Wastani wa mteremko wa njia usizidi asilimia 10. Tena njia isizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Ikizidi, maji yanaona njia ndiyo rahisi, yanaifuata. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bonde, asilimia 5 hivi, yaani sentimita 5 kwa upana wa mita 1. Na kila baada ya kipande, njia ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yaliyokusanyika yatoke nje. Hivi vimgongo ndivyo nilivyobishana navyo zaidi, kwa sababu wachimbaji wanaviona kama kazi ya bure: unashuka, unapanda tena ya nini?

Kuinamia kwa uso wa njia tulikupima kwa gololi. Watoto ndio walioanza, mimi nikaidaka. Unaiweka katikati ya njia, unaiachia. Ikivuka kuelekea bondeni, safi. Ikifuata njia, rudisha chepe. Hakuna mtu mzima aliyehitaji kuelezwa asilimia baada ya hapo.

Neno moja liepuke kabisa huku kwetu. Katika kikao cha kwanza nilisema tutaweka "vituta" vya kutoa maji. Mzee mmoja akainua uso: "Matuta tena?" Chumba kikanyamaza. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta kwenye mashamba ya milimani, kwa amri na faini, watu wakagoma mpaka mpango ukafa. Baba zao ndio waliochimba. Nilimwambia, "Hapana mzee, hii ni njia tu, na mwenye shamba ndiye anayesema ipite wapi." Tangu siku ile tunasema vimgongo, na ninaamini neno hilo lilituokolea wiki mbili za mivutano.

Pikipiki hatukuziweza. Tulichomeka nguzo mbili mlangoni ziachane kidogo, fupi usawa wa kiuno ili mzigo wa kuni kichwani upite juu. Baiskeli yenye kabichi ubavuni ikakwama, bodaboda akainamisha usukani akapita. Tukazing'oa. Badala yake tulienda kijiweni kwao tukaongea, na wengi wanaheshimu, isipokuwa usiku na siku za mvua, yaani siku zile hasa tusizotaka wapite.

Masika yaliyofuata yalikuwa ndiyo mtihani. Njia ya fremu imesimama. Pameharibika sehemu mbili, na zote ni pale tulipochoka tukaruka kimgongo. Kipande cha zamani cha simu tumekifukia kwa matawi, ingawa watoto bado wanakikata wakichelewa shule. Baiskeli za mboga sasa zinashuka mtu akiwa amekalia, mkono mmoja kwenye breki, mwingine umeshikilia gunia.

Kwa hiyo kama kijiji chenu au mtaa wenu mna mpango kama huu, pakueni ramani, zungusheni simu kwa watu wanaopita kweli, kisha mkifika kwenye kuchimba iwekeni mfukoni. Yetu, fremu, inakaa nyuma ya duka la karibu na shule. Kuazima ni bure. Irudishwe na jiwe lake, maana lile la kwanza mtu alienda nalo, na alama zote za rangi tukaziweka upya kwa kuogopa tu, kabla fundi hajatuambia uzito wa jiwe haubadilishi kitu.