Santuri ya Coleman Hawkins kutoka Kenyatta Market

Santuri hii, ambayo ni mkusanyiko wa rekodi za mpiga saksofoni Coleman Hawkins, niliinunua kwa shilingi 2,000 kwenye kibanda cha santuri kuukuu pale Kenyatta Market. Niliilipia bila kusita kwa ajili ya wimbo mmoja, "Body and Soul", uliotungwa na Johnny Green mwaka 1930 na kurekodiwa na Hawkins jijini New York tarehe 11 Oktoba 1939.

Nawaandikia hasa wanakwaya wenzangu wa Nairobi tuliofunzwa muziki kwa do-re-mi. Wimbo una vipimo 32, yaani mafungu madogo ya mapigo, katika sehemu nne zilizo sawa, na sehemu zote hufanana isipokuwa ya tatu, inayoitwa daraja. Ufunguo, yaani noti inayoshika nafasi ya do, ni D flati meja, lakini akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kwanza haikujengwa juu ya do bali juu ya re, nayo ni maina, hivyo msikilizaji huguswa na huzuni kabla hajajua makao ya wimbo yako wapi.

Utajiri wenyewe uko darajani. Tenzi zetu zikihama ufunguo, aghalabu sol hugeuka kuwa do mpya, nasi huipokea bila kushtuka. Hapa do yenyewe inapandishwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, kutoka D flati hadi D, kana kwamba taa imewashwa chumbani. Punde inateremshwa hadi C, kisha akodi tatu zinashuka nusu toni kwa nusu toni, C, B, B flati, mpaka E flati maina ya mwanzo inapopokea wimbo tena. Katika muziki wote ninaoupenda, sijasikia marejeo mazuri kuliko haya.

Hawkins anaigusa melodia ya Green kwa vipimo vichache tu, halafu kwa mizunguko miwili anatunga nyingine kutoka ndani ya akodi zenyewe, kiasi kwamba hata mtu asipoisikiliza piano, bado atatambua kila akodi inapopita. Hiyo ndiyo sababu naiona rekodi hii ya dakika tatu kuwa somo kamili la upatanifu wa sauti.

Sauti ni ya enzi zake, na ngoma zinasikika kwa mbali. Kinachoniudhi ni jalada: waliotoa mkusanyiko huu hawakuandika tarehe wala majina ya wapigaji, hata la Gene Rodgers, ambaye piano yake ndiyo inayofungua wimbo. Anayetaka kujifunza alistahili zaidi.

Anayetafuta maneno ya wimbo hatayapata hapa, kwa kuwa hakuna anayeimba; huyo atafute rekodi ya Billie Holiday ya mwaka 1940. Mwalimu wa kwaya aichukue hii, aketi karibu na kinanda, na daraja linapofika aibonyeze do mpya kila inapohama.