Karakana ya Ngamiani inayopima kwanza kabla ya kuuza kipuri

Kwa wenye kompyuta mpakato hapa Tanga zilizokuwa nzito tangu zilipohamishiwa Windows 11, napenda kuisifu karakana moja ndogo ya Ngamiani na kueleza kwa kina kazi iliyonifanyia, maana tatizo hili limeenea na mafundi wengi hulijibu kwa kuuza vipuri.

Wengi wetu tulihama kwa kulazimika, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha ukomo wa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na anayetunza nyaraka za wateja hawezi kuendelea na mfumo usiopata tena masasisho ya usalama. Kompyuta ninayofanyia kazi za uchapaji ina prosesa (kijenzi kinachotekeleza kazi zote za kompyuta) ya Intel Core i5-8250U ya kizazi cha nane, ambayo imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na mfumo mpya, kwa hiyo sikuona sababu ya kushindwa. Hata hivyo, mara baada ya kuhama, ripoti ndefu zenye majedwali zikawa zinafunguka kwa kusuasua, na fundi wa duka jingine akanishauri kubadilisha diski na kuongeza kumbukumbu kabla hata hajaiwasha mashine.

Fundi wa Ngamiani alianza kwa kuiwasha. Kwanza alihakikisha kwamba hakuna kazi za chinichini zinazoendelea, kwani siku za mwanzo baada ya kuhama mfumo hupakua masasisho na kupanga upya faharasa ya mafaili, na uzito wa namna hiyo huisha wenyewe. Kisha akafungua dirisha linaloonyesha mwendo wa prosesa na kunigeuzia kioo nione. Prosesa hii ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na inaweza kupanda kwa muda hadi 3.4 kazi inapokuwa nzito. Yangu, hata tulipofungua faili kubwa kuliko yote, iliganda kwenye 0.79. "Mama, diski yako ni nzima na kumbukumbu inatosha," akasema. "Prosesa imekanyagiwa breki, tumtafute anayeikanyaga."

Tulimpata katika mipangilio ya umeme. Programu ya kutunza betri iliyokuwamo tangu mfumo wa zamani ilikuwa imebaki, na iliagiza kwamba kiwango cha juu cha prosesa kisizidi asilimia 50. Nusu ya 1.6 ni 0.8, na ndiyo namba tuliyokuwa tukiitazama kwenye kioo. Fundi akaiondoa programu ile, akarudisha kiwango kwenye asilimia 100, na faili lilelile likafunguka huku kasi ikipanda kupita gigahezi 3.

Wengine wangeishia hapo na kudai malipo. Yeye aliniomba nichomeke chaja yangu, na kasi ikaporomoka tena. Chaja hiyo, niliyoinunua baada ya ile ya awali kuungua, ni ya wati 45, ilhali kompyuta inahitaji ya wati 65, na mashine nyingi za aina hii zikiona umeme unaoingia hautoshi hupunguza zenyewe kasi ya prosesa ili kujilinda. Akaniazima chaja ya wati 65 tukajaribu, na kasi ikatulia. Kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kuuza, alinieleza wazi wati na aina ya pini ya kutafuta.

Nililolithamini zaidi ni kwamba alikataa kuiweka kompyuta kwenye kasi ya juu wakati wote, ingawa nilimwomba. Alieleza kwamba prosesa ikiongeza kasi huhitaji volti kubwa zaidi, hivyo matumizi ya umeme na joto hupanda kwa kiwango kinachozidi kile cha kasi yenyewe, na prosesa hii imekusudiwa kudumu kwenye wati 15 tu. Kwa hali ya hewa ya Tanga, yenye joto na unyevu wa bahari, na feni iliyojaa vumbi, mashine ingepanda hadi 3.4 kwa dakika chache kisha ijipunguze yenyewe kwa sababu ya joto. Akasafisha feni, akapaka upya grisi ya kupitisha joto, akaiwekea utendaji wa juu ikiwa kwenye chaja na hali ya wastani ikiwa kwenye betri. Sasa umeme ukikatika mchana, betri hunitosha kumaliza kazi iliyo mezani, jambo ambalo kwa mtu wa uchapaji ni riziki.

Kazi yote ilinigharimu shilingi 30,000, ikiwemo usafi, na naiona bei ya haki. Upungufu upo: risiti yao haielezi kilichofanyika, nami ningependa waandike angalau mipangilio waliyoibadilisha, kwa kuwa sasisho kubwa linaweza kuirudisha ilivyokuwa. Nafasi ni finyu, na wateja wa simu huhudumiwa meza moja na wa kompyuta, hivyo asubuhi ndiyo saa nzuri. Ijumaa hufunga kwa ajili ya sala na kurejea alasiri. Anayekwenda asiache chaja yake nyumbani, kwani bila hiyo nusu ya vipimo havitafanyika.