Patini za kaushu laini, nimezipima ku Ngomo na mvua yote

Bandugu ba kinga (baiskeli) ba Bukavu, hii nawaandikia ninyi, zaidi wale banapenda ile njia ya milima ya Ngomo. Nilinunua patini za freni za kaushu laini, ndefu, ziko na mifereji tatu, ku soko ya Kadutu, pea moja 4000 FC, na nazisifu kwa roho moja ijapokuwa ziko na shida moja kubwa.

Siku ya posho (Jumamosi) nilitoka mtaa wa Essence, hapa Bukavu, saa kumi na moja ya asubui naenda Uvira, zaidi ya kilometa 120. Mpaka Nyangezi wingu tu. Kuingia mu milima, mvua ikaanguka, kisha mvua ya mawe, kisha ukungu, sikuona hata mita kumi mbele. Mwenye anajua Ngomo anaelewa: udongo, upande moja mlima, upande ingine shimo, na maji inapita katikati ya njia kama mto. Ndiyo maana bantu ba magari, wengi banapitia Rwanda, lami mpaka Bugarama, banatokea Kamanyola bila kugusa ile milima.

Mwaka jana nilishuka pale na zile patini ngumu zenye zinakuya na kinga ya Chine, janti (rimu ya gurudumu) ikilowa zinateleza tu, unakamata freni na kinga inaenda yake, nikaishia mu mtaro na goti imepasuka. Hizi laini hapana. Unakamata, unahesabu moja, mbili, janti inajipanguza maji, kisha inashika, na inashika kabisa. Kwenye kona zote ilikuwa vile, sikuogopa hata mara moja kama mwaka jana, na ile tu inatosha mi kuzilipia mara mbili.

Sasa shida. Laini maana yake inaisha haraka, na mchanga unaingia ndani yake. Nilisimama chini ya paa ya nyumba moja, natosha gurudumu, matope nyeusi inatiririka ku janti, na mu kaushu nikaona vijiwe na kipande kidogo cha alimini kinang'aa, ni janti yenyewe imeanza kukwanguliwa. Natoa na sindano. Muzee wa pale akatoka:

– Asinge mwanangu. Unashona nini na hii mvua?
– Muzee, natosha mchanga mu freni, ikibaki inakula janti.

Akaita mjukuu alete maji ya kunawisha, kisha akaniambia: "Kona tatu za mbele ushuke na miguu, hata bashofere ba malori banashukaka kwanza kuangalia." Nikatii. Kona ya pili nusu ya njia ilikuwa imeenda na maji. Mungu amubariki ule muzee.

Kufika Kamanyola nilikuwa nimekaza kamba ya freni mara tatu, juu leva ilikuwa inagusa gidoni. Patini ya nyuma mifereji yote imeisha, ya mbele imebaki nusu. Mteremko moja tu! Kutoka pale ni jua kali, Luvungi, Sange, Kiliba, freni haina kazi sana, na koti ya mvua nilifunga ku portebagaji ikakauka yenyewe.

Kwa hiyo ukizinunua chukua pea mbili, moja ibaki mu sakoshi na ufunguo wake. Na uangalie mwenyewe vile fundi anazifunga: fundi mmoja alinifungia juu sana, zikagusa pine (tairi), nikaona pembeni inakwanguka kabla hata ya kutoka mjini. Inapaswa iguse janti peke yake, na upande wa mbele itangulie kidogo kugusa, hapo hailii. Kama kinga yako iko na janti za chuma, zile za zamani, sijazipima huko, mi nasema za alimini.

Pea mpya niko nayo hapa ku meza, kesho natia ya nyuma.